Tuliomba Isimame

Jua la Garland, huku ughaibuni, likichoma, mataruma ya reli nyuma ya fleti zetu hutoa harufu ya lami, nami namwona mama, kidole gumba chake kimejaa wino.

Enzi hizo za mkoloni, kijijini kwetu, treni ya serikali ilikuwa ikitupita tu. Wazazi wetu wakaandika ombi kwa wakubwa wa reli, wakapanga foleni kutia alama za vidole. Mama alitangulia, nami nimeshika leso yake.

"Tunataka isimame hapa," alimwambia karani. "Ndizi zinatuozea."

Jioni alisonga ugali kwa mkono ule wenye wino, huku akicheka.

Kweli ikasimama, tukaipigia vigelegele. Zilipanda ndizi, kisha wakapanda vijana waliokwenda kutafuta kazi, na kaka yangu akiwemo, akitupungia mkono dirishani. Hakurudi.

Tangu hapo, kila treni ilipolia, mama alichota majivu akakisugua kile kidole, ingawa wino ulikuwa umetoka zamani.

Leo mjukuu wangu ameniuliza, "Nyanya, hii treni haisimamangi hapa?"

"Haisimami," nikamwambia. "Na usiiombe."