Siku Niliyokataa Kunawa Ukweni

Amri ya mahakama iliyosema mwanangu arudishwe kwangu niliilalia siku kumi na moja. Naikiri mwenyewe kabla wengine hawajanisemea. Niliiweka chini ya godoro, nikafagia uwanja, nikapika ndizi, nikakaa barazani kuwasubiri watu wa serikali wamlete mtoto kama barua inavyoletwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na bado niliamini kwamba hakimu akishagonga muhuri, karatasi inaota miguu.

Jirani yangu, mjane ambaye shamba lake la kahawa limepakana na langu, ndiye aliyenizindua.

"Mbona hujaenda kumchukua mtoto?"

"Shikamoo, mama. Nawasubiri wao."

"Marahaba. Wao akina nani? Wale wazee wa baraza waliokaa na hakimu, mmoja ni mjomba wangu. Saa hizi yuko mlimani anachimba ngolo zake, mashimo ya kulimia. Ulidhani atatupa jembe akakubebee mtoto mgongoni?"

Kweli, mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ilikuwa ya kanisani, na hata huko nilikaa benchi la mlangoni ili niwahi kurudi. Mtoto mwenyewe nilimpoteza kwa uvivu huohuo. Mume wangu alikuwa ameniacha, akarudi kwao ziwani, upande wa Mbamba Bay, kuuza mitumba. Serikali ilikuwa imeiruhusu biashara hiyo, na kila mwenye mabega ya kubebea aliikimbilia. Msimu wa kuchuma kahawa alikuja kuniomba binti yetu wa miaka minne akamsalimie bibi yake, wiki moja tu. Nikampa, maana kushuka naye mwenyewe niliona mbali. Wiki ikawa miezi mitano.

Nilipokwenda mahakama ya mwanzo, hakimu aliandika amri ya muda: mtoto akae kwangu mpaka shauri lisikilizwe, na baba yake amchukue kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, amrudishe Jumapili jioni. Karani alinieleza nipeleke nakala kwa mwenyekiti wa kijiji chao, ashuhudie nikikabidhiwa mtoto. Mimi niliposikia "arudishwe" nikaacha kusikiliza. Sasa zilibaki wiki mbili kabla ya shauri. Hakimu akikuta mtoto bado yuko ziwani, angeweza kusema ameshazoea huko, abaki.

Kesho yake alfajiri nikapanda pikapu ya mfanyabiashara wa usipa, dagaa wa ziwani, iliyokuwa ikishuka tupu.

"Narudi saa tisa," dereva akasema. "Simsubiri mtu, mama. Samaki hawajui kusubiri."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole, aliisoma karatasi mara mbili, akaenda kubadili shati, tukaongozana mpaka kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa mnadani na mitumba yake. Binti yangu aliponiona alijificha nyuma ya bibi yake, akanichungulia kama anavyochunguliwa nesi mwenye sindano.

Huko ziwani, na kwetu milimani vilevile, mgeni hafungui neno kabla hajala. Mama mkwe aliijua desturi hiyo kuliko Baba Yetu. Baada ya shikamoo alitandika mkeka, akaleta ugali wa muhogo na samaki, mbasa wa kukaanga. Tukala. Mwenyekiti akakohoa kutaka kuanza, ukaja uji. Uji ulipokwisha, ikaja mihogo ya kuchemsha. Ilipokwisha mihogo, nikamwona mama mkwe anamkimbiza kuku uani, na hapo ndipo kidato cha nne kiliponisaidia kwa mara ya kwanza: nilipiga hesabu ya kuku huyo, kumchinja, kumnyonyoa na kumwivisha, nikapata saa kumi.

Nikainuka kutaka kusema. Mama mkwe akawahi na jagi la maji ya kunawa, ingawa kuku alikuwa hajachinjwa; anayenawa amekubali kusubiri.

Nikaficha mikono nyuma.

"Sinawi, mama."

Mama mkwe akalisogeza jagi karibu zaidi.

"Unakataa chakula changu?"

"Chakula chako nimekula, mama, nimeshiba tangu ugali. Nikinawa tena, gari litaniacha. Mwenyekiti, tafadhali, soma."

Mikono niliiacha nyuma. Mwenyekiti akasoma, pole pole, mpaka muhuri. Mama mkwe alisikiliza akiwa bado ameshika jagi.

"Na mimi? Imesema nini juu yangu?"

Mwenyekiti aliigeuza karatasi, akatazama hata mgongo wake. Haikusema kitu.

"Kila mwezi atakuja na baba yake," nikasema. "Utamwona, mama. Nakuahidi."

Mama mkwe akaingia ndani. Alifunga nguo za mtoto kwenye kanga, akatia mihogo iliyobaki, kisha akamkabidhi mtoto kwa mwenyekiti, si kwangu. Binti yangu alimlilia bibi kwa Kinyasa, lugha ya ziwani, mpaka gari lilipomaliza kona za mlima. Sikuwa na neno hata moja la lugha hiyo la kumbembelezea. Nilimshika tu, nikaapa kwamba sitamwachia tena.

Siku ya shauri hakimu alimkuta mapajani mwangu. Akaahirisha, akasema amri iendelee kama ilivyo, yote. Mimi nikasikia nusu yangu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi baba yake akapiga hodi. Niliwaza ile wiki moja iliyokuwa miezi mitano, nikafunga komeo. Kwa dirisha la jikoni nikamnong'oneza jirani amwambie baba yake kwamba mtoto ana homa kali. Mtoto mwenyewe alikuwa anarukaruka kitandani kama mbuzi aliyefunguliwa. Jirani alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Ulipomtaka mtoto, karatasi ile ilikuwa Injili. Leo baba yake kaja na hiyohiyo, imekuwa ya kufungia karanga? Mwenye homa ni wewe. Mtoe mtoto nje."