Kitambaa cha Dirishani

Kwa miaka thelathini na minne Sivapakkiyam alichuma chai kwenye miteremko ya Ohiya, na katika miaka yote hiyo alijivunia mambo mawili tu: kikapu chake hakikuwahi kukataliwa kwenye mizani, na kitambaa chake hakikuwahi kukosa kiti.

Kilikuwa kitambaa cha mkono cha marehemu mumewe, cheupe, chenye pindo la buluu. Treni ya daraja la tatu haina namba za viti. Anayetaka kukaa husimama ukingoni mwa jukwaa, na treni inapopunguza mwendo hurusha kitambaa chake dirishani kiangukie kiti kitupu. Kikishaanguka, kiti kimepata mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuchelewa mlangoni na mizigo yake, anaweza kuwa kikongwe wa kupanda ngazi moja moja, lakini hata mlevi atasimama kando ya kitambaa hicho kama anayesimama kando ya mtu. Sivapakkiyam alikuwa amefunga fundo kwenye pembe moja ili kiruke vizuri.

Jumatano hiyo kiti hakikuwa cha kukalia yeye. Binti yake, Yogarani, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba hadi ndara zimemkataa, na daktari wa hospitali ya Badulla alikuwa ameagiza asisimame muda mrefu. Basi halikumfaa, zile kona za barabarani zilimtapisha hadi akaishiwa nguvu. Ilibaki treni, mwendo wa karibu saa tatu.

Na treni nayo siku hizi ilikuwa vita. Tangu habari zienee duniani kwamba safari nzuri kuliko zote katika kisiwa chao inauzwa kwa bei ya chai na bajia mbili, wageni walimiminika na mabegi yao marefu kama majeneza. Sivapakkiyam hakuwachukia kwa kuja. Chai yake nayo ilikwenda kwao bila kubisha hodi. Lakini mwenye kupanda treni ili atazame bonde na mwenye kupanda ili afike kliniki walikuwa wakigombea ubao ule ule, na mmoja wao angeweza kuja kesho.

Treni iliingia saa nne asubuhi. Alilenga, akarusha, na kitambaa kikatua katikati ya kiti cha watu wawili upande wa bonde. Akamshika binti yake mkono, wakapanda polepole. Walipofika kwenye kile kiti waliwakuta mzungu na mkewe wamekaa, na kitambaa kiko sakafuni chini ya kiatu.

Aliyewakalisha alikuwa amesimama hapo hapo, miwani ya jua kichwani: Tiyagu, mwongoza watalii, kijana wa miaka thelathini aliyezaliwa kwenye shamba la jirani. Alikuwa amepanda nao tangu kituo cha nyuma wakakosa pa kukaa, na abiria wa kiti kile walipoteremka Ohiya, aliona mwanya wake. Mgeni asingejua kitambaa ni nini. Tiyagu alijua. Ndilo jambo lililompandisha Sivapakkiyam damu hadi masikioni.

"Mambo ya vitambaa yamepitwa na wakati, shangazi," Tiyagu alimwambia. "Aliyekaa ndiye mwenye kiti."

Yule bibi wa kizungu aliuliza kitu akionyesha sakafuni. Tiyagu akamjibu kwa lugha yao, akacheka, nao wakacheka. Sivapakkiyam hakujua wameambiwa nini. Alijua tu kwamba mambo yake yamegeuzwa kichekesho.

Mzee mmoja mwenye fimbo alitaka kuinuka ampishe Yogarani. Sivapakkiyam alimkatalia, magoti ya mzee yalikuwa yakitetemeka kuliko ya mjamzito. Akamkalisha binti yake sakafuni karibu na mlango, mgongo ukutani, furushi chini ya miguu, na kila treni ilipoyumba Yogarani alishika tumbo kwa mikono miwili.

Muuza bajia, aliyekuwa ameegemea hapo na kapu lake, aliwanong'oneza kwamba mlango huo nao ulikuwa na wenyewe. Baada ya handaki la mwisho reli hupita juu ya mgongo wa mlima na bonde huanguka pande zote mbili. Hapo Tiyagu huwakalisha wageni wake mlangoni, miguu inaning'inia, wapigwe picha. Ndicho alichowaahidi.

Sivapakkiyam alitazama mlango. Kisha akajishusha, akaketi kizingitini, miguu ngazini, akafungua mwavuli wake mweusi. Ukaziba mlango mzima.

Walipita handaki baada ya handaki. Tiyagu akaja na wageni wake nyuma, kiti wamekiacha kitupu.

"Shangazi, tupishe kidogo. Wageni wanataka mlango."

"Aliyekaa ndiye mwenye mlango."

Behewa likaangua kicheko. "Kaka, nunua bajia ule," alisema muuza bajia. "Hapo huna chako."

Tiyagu alibembeleza, halafu akatisha kumwita mkagua tiketi.

"Mwite," Sivapakkiyam alisema bila kugeuka. "Akija nitamwambia wewe ni mtoto wa nani. Mama yako Parameswari alikupeleka hospitali kwa treni hii ukiwa na homa, macho yamegeuka. Kiti alichokupakatia nilikitupia mimi kitambaa. Hiki hiki ulichokikanyagisha."

Treni ikaingia handaki la mwisho, na katika giza lile sauti ya Tiyagu ilisikika ndogo. "Sasa unataka nini?"

"Kirudishe ulipokikuta. Kwa mkono wako."

Walitoka kwenye mwanga. Mbele ya mwavuli bonde lilifunguka lote, kijani juu ya kijani hadi tambarare za kusini. Tiyagu alijipenyeza katikati ya watu, akapiga magoti, akakiokota, akakikung'uta na kukiweka kitini. Muuza bajia akampeleka Yogarani, hatua kwa hatua, hadi akakaa. Ndipo Sivapakkiyam alipofunga mwavuli, taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda. Wageni walipochungulia nje palikuwa na ukuta wa udongo mbichi tu, ukipita na magugu yake.

Yogarani alimsogezea nafasi. Kwenye kitambaa, kando ya pindo la buluu, palikuwa na alama ya soli.

"Yameisha, mama. Tulia."

"Hayajaisha. Kliniki ni kila Jumatano." Alilikaza lile fundo kwa meno, kisha akasema kwa sauti ya kumfikia Tiyagu pale alipoinamisha kichwa: "Wiki ijayo nitakuja na viwili. Kimoja cha kiti, kimoja cha mlango."