Fungu la Nyumba ya Nane

Harufu ya unga wa mahindi ya manjano, ule wa msaada tuliokula miaka ya themanini mvua zilipokosa, hunirudisha kijijini kwetu Tezo nikiwa na miaka minane. Si harufu mbaya, msidhani. Ni ya gunia lililokaa ghalani na panya. Tuliusonga sima, tukaula kwa majani ya porini, na wiki zikapita hatujaona kitoweo cha maana.

Ndipo baba alipouchukua uta wake. Alikuwa mwindaji, mwana wa mwindaji, ingawa serikali ilipiga marufuku uwindaji hata kabla sijajua kusema vizuri. Alirudi na paa mmoja, amekonda kama sisi. Mtu mwingine angefunga mlango akala na wanawe. Baba hakujua kula hivyo. "Nyama ya msituni haina mwenyewe," alizoea kutuambia. "Kila nyumba unayouona moshi wake ina fungu lake." Basi paa yule akagawiwa nyumba saba, na kwetu kila mtoto akabakiwa na kipande kimoja.

Mama alinitajia nyumba zile kwa majina, nami nikazizunguka na bakuli, najiona mtu mkubwa. Nilipomaliza nikauona moshi wa nane, kwa wapangaji wapya, mume na mke kutoka bara. Nikadhani mama amesahau. Nikachukua kipande changu mwenyewe, nikakitia mchuzi, nikapeleka.

"Hodi, mama. Shikamoo. Baba ameleta nyama, na hili fungu lenu."

"Marahaba. Nyama gani hii, mwanangu?"

"Ya paa," nikasema kwa fahari.

Alishukuru sana, akaniombea baraka. Mumewe alikuwa askari wa msitu. Kijiji kizima kilijua hilo, isipokuwa mimi.

Asubuhi askari yule akaja na wenzake wawili. Hata leo sijui kama alikula kwanza. Alimwamkia baba kwa adabu, akamwita mzee, kisha akasema sheria ni msumeno. Ngozi ya paa ilikuwa imewambwa nyuma ya nyumba, hapakuwa na la kubisha. Baba aliomba tu avae shati. Bibi, mamake baba, aliketi mlangoni akisema, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," akayarudia maneno hayo mpaka walipopotea njiani.

Baba alifungwa miezi tisa, na uta ukabaki kortini. Shuleni, baadaye, nilisoma kwamba watu wa kale walichora wanyama mapangoni kabla hawajajua kuandika, na kwamba wafalme wa Ulaya walijitengea misitu wawinde kwa kujifurahisha, na mkulima aliyethubutu kuua mnyama humo aliadhibiwa vikali. Sikuhitaji mwalimu anifafanulie. Hoteli ya Kikambala, ambako baba alipata kibarua cha kufagia bustani alipotoka kifungoni, ilikuwa na kichwa cha nyati ukutani, na wageni walipiga picha chini yake.

Siku aliyorudi kutoka kifungoni nilimwambia ukweli, huku nikilia. Nilimwambia aliyepeleka nyama ni mimi.

"Ulifanya vyema, Kadzo," akanijibu. "Moshi uliuona, ukapeleka."

Nikafuta machozi, nikaenda kucheza. Watoto husamehewa upesi.

Hakuwinda tena. Mvua zikarudi, majirani wakaanza tena kuchinja kuku na mbuzi. Jumamosi, baba alipokuja nyumbani, vyungu vya jirani vikianza kunukia yeye aliinuka na kigoda chake, akaingia ndani, akajilaza. Mama alituambia tusimsumbue, amechoka na kazi ya hotelini. Niliamini hivyo miaka mingi, hata baada ya kumzika.

Kisha mimi mwenyewe nikaachishwa kazi. Jioni moja jirani yangu akabisha hodi, amebeba sahani ya pilau iliyofunikwa, nami nikajikuta nimesimama chumbani nyuma ya mlango, kidole mdomoni, nawaashiria wanangu wanyamaze. Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Hakuwa amechoka. Alijificha ili majirani wasimwone, wasije wakaona lazima kumletea fungu, kwa kuwa hakuwa na la kurudisha, na alijua hatakuwa nalo tena maishani mwake.