Sauti Kwenye Kaseti ya Mzee wa Ibaba

Jamani, bado nimeshika simu.

Leo kwenye kipindi changu cha zilipendwa, redio ya chuo, nimepiga kaseti niliyoletewa na mzee mmoja wa Ibaba. Ile ya kurekodi nyumbani, enzi za kutegea wimbo redioni.

Katikati ya gitaa, humo humo kwenye kaseti, mama mmoja akaita: "Baba Tumaini, njoo ule, chakula kinapoa!"

Nikazima. Nikaomba radhi hewani huku nacheka (mjinga mimi!).

Simu ikaita. Mzee mwenyewe.

"Mwanangu, rudisha hapo. Huyo ni mke wangu. Tulishamzika."

Nikarudisha. Mama akaita tena.

Kwenye simu nikasikia kiti kikiburuzwa, halafu mzee akajibu taratibu: "Nakuja, Mama Tumaini."

Sasa nampigia, simu inaita tu.

Nani yuko Ibaba akamwangalie?