Aliyechomoa Waya

Mhandisi wa kompyuta wa hospitali yetu ya macho, hapa Coimbatore, hukiacha mlangoni kikombe chake cha chuma cha kahawa, kisha huingia kupapasa migongo ya mashine kama mama anayepima homa. Muuzaji akianza kusifu bidhaa yake, humjibu kwa sauti ya chini, "Sawa, kaka. Sasa nionyeshe ikiharibika." Mwezi ule tulikuwa tukilinganisha mitambo miwili ili tununue mmoja, kila mmoja ukiwa kabati moja lenye seva, hifadhi ya data na mtandao pamoja. Ripoti ya kupendekeza wa kwanza mhandisi alikwisha kuiandika mwenyewe, na mkurugenzi, Daktari Nachimuthu, alikuja kutia sahihi mbele ya wauzaji wote wawili.

"Dakika mbili tu, daktari," mhandisi alisema, akachomoa waya mmoja kati ya nyaya mbili za umeme nyuma ya kila kabati. Kwenye kabati la pili, mafaili ya majaribio yaliendelea kufunguka. La kwanza liliganda. Muuzaji wake akalalamika, "Lakini dada, nani atachomoa waya hospitalini?"

"Panya," alijibu. Tulicheka sote isipokuwa yeye. Aliichukua ripoti mkononi mwa daktari, akaichana. "Nilikosea. Nilisoma makaratasi yao, sikuigusa mashine."

"Huoni aibu kusema hivyo mbele ya wageni?" daktari alimwuliza.

"Aibu ni mgonjwa yuko kwenye meza ya upasuaji, na faili lake halifunguki." Kisha akachuchumaa kando ya yule muuzaji aliyeshindwa, akamwonyesha taratibu palipogoma, ili akarekebishe.