Goli la Mkono Pale Maji ya Chai

Enzi za Mwingereza, refa wetu pale Maji ya Chai alikuwa mzungu yule yule aliyekagua kahawa yetu. Jumamosi moja mshambuliaji wa timu ya mjini aliusukumia mpira golini kwa mkono. Mkono kabisa, si kifua, si bega! Refa akapuliza kipenga: goli. Wazee ambao mkutanoni hawakubali kushindwa neno walitazama chini, kwa sababu Jumatatu wangempelekea magunia yao, na kahawa ya mbishi ilikuwa inakataliwa.

Hasira tuliyoimeza pale haikuisha. Ilimwangukia golikipa wetu, kaka yangu. Tulimzomea njia nzima kwenye migomba. Mtu mmoja akamtupia tope, nami nikamtupia la pili.

Nyumbani alinawa uso, kisha akaniuliza taratibu, “Si ulikuwa umesimama nyuma ya goli? Hukuuona ule mkono?”

Baba alikuwa amekaa mlangoni, anachambua kahawa ya kupeleka Jumatatu. Aliacha kuchambua, akaniangalia.

Nikasema sikuuona.