Siku Mama Alipokaribishwa Kwake

Ndege ndogo ya kutoka Mwanza ilipochomoza juu ya ziwa, mke wangu alinivuta mkono akaniambia niache kurukaruka, watu wananitazama. Niliwaacha watazame. Mama yangu, ambaye kabla ya hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mwanza kwenye harusi, alikuwa anatua Bukoba akitokea Denmark. Nilikuwa na furaha ya kupasuka, na chini ya furaha hiyo nilikuwa na hofu.

Hofu yenyewe niieleze mapema. Dada yangu ni muuguzi huko Denmark, anahudumia wazee. Magoti ya mama yalipoanza kumtesa, alimwita akapimwe, akae naye kidogo. Lakini simu zilivyozidi kupigwa nikaona kuna jambo kubwa zaidi. "Mama akipenda, atabaki na mimi," dada aliniambia bila kuzunguka. "Arudi kijijini kwake Kanazi aone nyumba yake, apime, kisha achague. Akichagua huku, mimi niko tayari." Kwa hiyo pale uwanjani sikujua kama nimekuja kumpokea mama au kuanza kumuaga.

Na mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kutetemeka. Kwetu, Jumapili baada ya misa, barazani kwa mama, ubishi wa nchi ipi watu wanaishi vizuri huwa mkali kuliko ubishi wa mpira. Mjomba, mdogo wake mama, aliwahi kufanya kazi Kigali, na kwake yeye ulimwengu mzima una mji mmoja tu uliofagiliwa. Mke wangu ana ndugu Kampala, naye hakubali mtu aseme kuna mahali watu wanajua kuishi kuliko huko. Mimi nilikuwa wakili wa mkoa wetu, Kagera. Nina duka la vifaa vya ujenzi Muleba, kando ya barabara ya Biharamulo, na kila siku naona watu wakinunua mabati ya rangi, nyaya za umeme, mabomba ya maji. Mtu akiitaja Ulaya nilikuwa namrukia: wana migomba? Wana senene wa kukaanga? Nilikuwa nashinda, ingawa mke wangu anasema nilikuwa nashinda kwa sauti.

Sasa shahidi aliyeishi pande zote mbili alikuwa anashuka ngazi za ndege. Alivaa koti zito lisilo na kazi yoyote katika jua lile, raba nyeupe miguuni, na fimbo nyepesi mkononi. Alishuka polepole, lakini alishuka mwenyewe. Nilimkumbatia hadi kofia yake ikaanguka.

"Niachie pumzi kidogo, tata," alisema. Tata ni baba kwa Kihaya, na mama zetu hutuita hivyo wakitupenda.

Njiani kuelekea Kanazi, mjomba, aliyekuja nasi uwanjani, hakumpa hata nafasi ya kufungua koti. "Haya dada, tuambie. Wanaishije?"

"Vizuri," mama alisema. "Vizuri sana."

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye pedali.

"Basi la huko likisema linakuja, linakuja," aliendelea, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Na likifika, dereva akiona mtu ana fimbo, anabonyeza kitu, basi zima linainama upande wa mlango. Linapiga goti! Basi linanipigia goti mimi, mjane wa Kanazi! Siku ya kwanza nilimshukuru kwa Kihaya, Kiswahili kilinitoka kichwani."

Tulicheka wote, mimi kwa shida. Mjomba akaanza, "Hata Kigali..."

"Wewe nyamaza na Kigali yako."

Nilitafuta pa kushikilia. "Na chakula je? Ndizi wanazo?"

"Wanazo za manjano, wala hazina ladha. Lakini viazi wanavijua." Alitazama kahawa za watu zilizoanikwa kando ya njia. "Mchana ulikuwa mrefu. Dada yako yuko kazini, mimi na saa ya ukutani tunaangaliana. Ikabidi nimtembelee jirani, mzee mwenzangu, mlango wake unatazamana na wetu. Nikampelekea akamwani."

Akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa. Mgeni akiingia kwako, kabla hujamuuliza habari za safari, unampa punje chache mkononi.

"Akazitafuna?" mke wangu aliuliza.

"Akazimeza na maji, kama vidonge! Alidhani nimemletea dawa. Kesho yake akaniletea maua, akanionyesha kwa mikono kwamba amelala vizuri." Mama alicheka hadi akajifuta machozi. "Watu wazuri wale. Ningeweza kuishi nao."

Hapo sikucheka kabisa. Niliendesha gari nikiona migomba inapita pande zote mbili, nikawaza kwamba kauli hiyo ndiyo jibu, na kwamba ameitanguliza njiani ili isituue tukifika.

Nyumbani kulikuwa kumejaa. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mikeka hadi ukumbini, mtu alikuwa ameleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mama alipoingia vigelegele viliinua paa. Wakamkalisha kwenye kiti kikubwa, na koti lake, na raba zake. Nikamtazama pale, nikajawa na furaha isiyo na akili. Mezani kilikuwapo kikapu kidogo cha akamwani, kile kile alichokuwa akikishika yeye miaka yote. Nikakinyakua, nikainama mbele yake kwa adabu zote, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Karibu sana mama! Karibu, jisikie uko nyumbani!"

Vigelegele vilikatika. Mjomba alikohoa. Mke wangu aliangalia chini. Ndipo na mimi nikasikia nilichofanya. Kikapu kile hushikwa na mwenye nyumba, na anayepewa ni mgeni. Nilikuwa nimemkaribisha mama yangu katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya Kanazi yote. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama alikitazama kikapu. Hakuchukua hata punje moja. Alijishikilia kwenye fimbo akasimama, akavua lile koti, akamrushia mke wangu. Kisha akakitoa kikapu mikononi mwangu.

"Karibuni kwangu, waitu, ndugu zangu," aliwaambia watu, na akaanza kugawa. Alianza na mjomba, akazunguka ukumbi mzima kwa mwendo wake wa polepole, kila mkono akiutia punje zake na kuuliza habari za nyumbani. Mimi aliniacha wa mwisho. Alisimama mbele yangu akanipima kwa macho.

"Karibu, mgeni. Za huko Muleba?"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko, na mimi nililia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zangu.

"Dada je?" niliweza kuuliza. "Anajua kwamba umechagua kubaki huku?"

"Nilimwambia siku tunafunga mizigo. Alilia, kisha akanielewa."

"Na mimi ukaniacha nikateseka njia nzima!"

"Ulikuwa unaendesha vizuri ukiwa na hofu." Halafu akaacha utani. "Lakini usishangilie. Wale wanaishi vizuri kuliko sisi, na Jumapili usibishane tena na mtu. Choo cha dada yako ni cha kukaa, na ukutani kuna chuma cha kujishikilia. Kila siku huko nilikuwa nainuka mwenyewe, simwiti mtu. Hapa nimerudi kwangu, tata, na magoti nimerudi nayo. Wewe unauza vyoo hivyo. Umewauzia watu kuanzia Muleba hadi Bukoba."

Nilitia punje za kahawa mdomoni, chungu na tamu, nikatoka na wageni wakinitazama, nikaenda nyuma ya nyumba kuupima ukuta wa choo kwa shibiri.